Deki Isiyoazimika

Juzi nilipeleka pasi yangu kwa fundi pale Kayanga, na kabla hata sijamsalimia nikapigwa na harufu. Vumbi la moto, mpira ulioungua kidogo, na spiriti ya kusafishia. Juu ya meza alikuwa amefungua deki ya video, tumbo wazi, nyaya nje. Akaniona nimeikodolea macho, akadhani nashangaa. "Mama, hii inaitwa deki," akanieleza kwa upole, "zamani watu walikuwa wanaangalizia video." Ebo! Naambiwa mimi deki ni nini! Nikamwambia, mwanangu, deki imenilea, na hasira iliyonipa bado sijaimaliza, hebu nitengenezee pasi yangu niende zangu. Akacheka. Mimi sikucheka, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nagombana na marehemu baba yangu kana kwamba amekaa kiti cha pili cha gari.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Televisheni ya kwetu haikuwepo. Ukitaka kumwona mwimbaji sura yake, midomo ikienda na maneno, wimbo ulibidi utoke ng'ambo, Uganda, ndani ya kaseti. Baba, ambaye watu wa Kanoni, kijijini kwetu, walimwita Ta Yosia, yaani Mzee Yosia, alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa na mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Filamu hakuzitaka. Za ngumi alisema zinafundisha watoto ujinga, za mapenzi hata kutajwa mbele yake hakutaka. Alichopenda ni nyimbo. Alikwenda Kampala mara moja kumuuguza ndugu yake, akakuta televisheni ya huko inaonyesha nyimbo fupifupi, mtu anaimba, wenzake wanacheza nyuma yake, umekwisha huo unakuja mwingine. Alirudi kama mtu aliyerogwa. Akasema atazikusanya, moja moja, mpaka kabati lijae. Msimu huo kahawa ilikuwa imelipa vizuri, basi akamtuma mpwa wake Deo, dereva wa lori la mizigo lililokwenda Kampala na kurudi, amuulizie deki.

Deo akarudi na kaseti mbili tupu za mfano, akaziweka mezani. Moja ndogo, nene kidogo, nyingine kubwa kama kitabu cha nyimbo za ibada. "Mjomba, ziko za aina mbili na haziingiliani," akasema. "Hii ndogo wanaiita Beta. Hii kubwa ni VHS. Ukinunua deki ya hii, ile haiingii, na ya ile, hii haiingii. Uchague."

Mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi, na palepale nikaelewa kila kitu, kwa akili yangu ile. Kaseti ndogo ni ya nyimbo fupi, kaseti kubwa ni ya filamu ndefu. Kilichobaki kuchagua ni nini? Nikajisogeza karibu na Baba nikamwonyesha ile ndogo kwa kidole, naye akanisukuma mkono, maana yeye alikuwa na hesabu zake, na hesabu hizo zilikuwa za kijinga kuliko zangu.

Ili mnielewe lazima nieleze habari ya kuazima. Kwetu mtu anayekuja kuazima haanzi na haja yake. Anakaribishwa, anakaa, anapewa kahawa za kutafuna, anaulizwa habari za wagonjwa, anazungumzia mvua na mnyauko wa migomba. Akishaaga, ameshasimama, mkono uko kwenye mlango, ndipo anageuka: "Ta Yosia, nilikuwa na kaneno." Hapo umekwisha. Umeshamkaribisha, umeshacheka naye, utamnyimaje? Njia ya kuponea ni moja, useme kitu chenyewe ni kibovu au hakipo. Na Baba, kwa uzee wake wa kanisa, hakuweza kusema uongo. Majirani walilijua hilo vizuri mno. Baiskeli yetu ilikuwa inalala kwa watu. Bomba la kupulizia dawa ya kahawa tulilisikia tu linapita shamba la jirani. Redio iliazimwa kwenda harusini Nyaishozi ikarudi mfuniko wa betri umepotea, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mama alikuwa anakwenda kuomba sufuria yake mwenyewe, na yeye anakaa, anatafuna kahawa, anasimama, ndipo anasema ana kaneno!

Basi Deo, maskini, akidhani anasaidia, akasema: "Mjomba, chukua kubwa. Watu wengi ndiyo wanayochukua. Pale Nkwenda Bwana Salvatory mwenye banda la video ana kubwa. Mtakuwa mnapeana kaseti."

Baba akainua kichwa. "Nkwenda wana kubwa?"

"Ndiyo, kubwa."

"Na Nyaishozi?"

"Huyo mwenye mashine ya kukoboa anayo, kubwa."

"Mwalimu wetu mkuu hapa?"

"Ameniagiza. Kubwa."

Baba akasukuma ile kaseti kubwa mpaka ukingoni mwa meza. "Niletee ndogo."

Deo alidhani hakusikia vizuri. Baba akaeleza kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake hata siku ya Krismasi. Mtu akija kuazima kaseti, atamwambia, ningekupa, ila haiingii kwako. Na itakuwa kweli tupu! Hakuna uongo, hakuna dhambi, na kaseti zinabaki kabatini. Mama alikuwa anapukuchua maharage pembeni. Akauliza bila kuinua macho: "Na sisi tukitaka kuazima, tutaazima kwa nani?"

"Kwani tumepungukiwa nini?" Baba akasema.

Jamani, nikikumbuka jibu lile natamani kung'ata kitu.

Deki ikaja, na televisheni, na jenereta dogo lililopiga kelele kuliko mashine ya kukoboa. Mpango ukawa hivi: Deo anapeleka kaseti ndogo tupu Kampala, rafiki yake mwenye deki kama yetu anarekodi nyimbo zinapoonyeshwa, Deo anazirudisha zimejaa. Jumamosi jioni jenereta linawashwa. Baba anasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga masikio, na sisi tumekaa mkekani tunasubiri, harufu ya petroli inaingia dirishani. Nyimbo zenyewe, lo! Nyingine imeanza katikati, nyingine imekatwa na msomaji wa habari mwenye tai. Kulikuwa na wimbo mmoja mtamu sana ambao kila ukifika penye kibwagizo, mistari myeupe inapita juu ya uso wa mwimbaji kama anayefagiliwa. Sisi tulidhani ndivyo alivyo.

Wageni wa kuazima walikuja, na Baba akawa anawasubiri kwa hamu. Siku Bwana Salvatory mwenyewe alipofika kutoka Nkwenda, akakaa, akatafuna kahawa, akasimama, akasema kaneno kake kwamba anaomba kaseti za nyimbo awawekee wateja siku ya mnada, Baba alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika mkono. "Ningekupa, ndugu yangu, Mungu ananiona," akasema, "ila haiingii kwako." Akarudi anaimba wimbo wa sifa. Salvatory hakuwa mjinga, alielewa amechezewa, akaondoka amenuna. Jenereta, ambalo Baba hakulifikiria, lilikuwa limeshaazimwa na mwalimu mkuu kabla ya maharage kukomaa, na sisi tukakaa na deki yetu isiyoazimika tukiitazama bila umeme.

Jenereta liliporudi, rafiki wa Deo kule Kampala, deki yake ikaharibika. Akanunua nyingine, na kama watu wote wenye akili timamu, akanunua ya kubwa. Nyimbo mpya zikakoma. Deo akatafuta mwingine mwenye ndogo, hakumpata. Baba akawa anarudia zilezile mpaka hata paka wetu alikuwa anatoka nje msomaji wa habari akitokea. Ukimwambia kitu anakwambia picha yetu ni safi kuliko ya Salvatory. Usafi gani, na msomaji wa habari ni yuleyule kila Jumamosi?

Mama ndiye hakulalamika, kwa sababu nyimbo zile hazikumhusu. Mama alikuwa mtu wa Rwanda. Alifika Karagwe akiwa msichana, ameshikwa mkono na baba yake, wakati wa ule mkimbio, watu walipokuwa wanakimbia mauaji kule kwao. Mama yake mzazi na mdogo wake aliyeitwa Speciosa walikimbilia upande mwingine, na tangu siku hiyo hakusikia neno lao, kama wako hai au wamekufa. Alikuwa hataji. Ila Jumapili baada ya ibada, wanawake wa kwao wakikutana kwetu, nilimsikia akimwelezea Speciosa kama mtoto mdogo bado: anavyodeka, anavyopenda kucheza, na kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichopinda baada ya ng'ombe kumkanyaga.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Deo alipoingia kwetu na viatu vyake vya matope bila kubisha hodi. "Mama Koku," akamwambia Mama, maana Koku ndiye mimi, "kaa chini kwanza." Alikuwa kwa rafiki yake Kampala, televisheni inaonyesha nyimbo. Ukaja wimbo wa kikundi cha watu wa Rwanda waishio kule, wanawake wanacheza wameinua mikono juu kama pembe za ng'ombe. Mbele kabisa yuko mwanamke mwenye sura ya Mama. "Si kufanana kwa kawaida," Deo akasema. "Nilitaka kumwamkia."

"Kidole," Mama akasema. "Mkono wa kushoto. Kimepinda?"

Deo hakuangalia vidole. Nani anaangalia vidole? Ila rafiki yake alikuwa anarekodi nyimbo, na anamjua mtu anayejua kikundi kile kinapofanyia mazoezi. Mama akitaka kwenda kumtafuta, atapelekwa. Akatoa kaseti kwenye koti lake akamwekea Mama mkononi. Ilikuwa kubwa.

Mama aliitazama deki, akaitazama kaseti. Mimi niliichukua nikaijaribu, nikaisukuma kwenye kile kimlango mpaka Baba akanipiga kofi la mkono. Nilidhani ni ukaidi tu wa deki. Kichwani mwangu watu wa kaseti ndogo walikuwa wadogo, waimbaji wa kukaa mkekani kwetu Jumamosi, na mama mdogo Speciosa alikuwa mtu kamili, mwenye kimo chake, ndiyo maana hatoshi. Nikamwambia Mama asilie, tutamsubiri apungue. Mama hakuwa analia. Alikuwa amefunga ile kaseti kwenye kitenge, akaitia sandukuni chini ya nguo zake za kanisani.

Sasa hebu niambieni, jambo hili lilikuwa gumu wapi? Deki kubwa ilikuwa Nkwenda. Unachukua kaseti, unakwenda kwa Salvatory, unaangalia kidole, basi. Mama hakutaka kwenda Kampala kumgongea mgeni mlango eti wamefanana sura. Alikuwa ameshawafuata watu wa namna hiyo mara kadhaa, mpaka Bukoba, akarudi na aibu. Alitaka akione kidole kwanza. Akamwambia Baba: "Nenda kamwombe Salvatory." Baba akasema ndiyo. Kisha akawa na kazi ya kupalilia. Kisha kikao cha kanisa. Kisha mvua kubwa, deki za watu haziguswi wakati wa radi. Deo naye akapangiwa kupeleka mizigo Mwanza, kwa hiyo hakuwepo wa kumsukuma. Mama akikumbusha, Baba anasema: "Tuvune kahawa kwanza, nitakwenda na mkungu wa ndizi, niende kama mtu."

Aende kama mtu! Ukweli niliujua hata mimi mtoto: Baba aliona haya. Ataingiaje kwa Salvatory, akae, atafune kahawa zake, asimame, amwambie nini? Mtu aliyejijengea ukuta wa kutoombwa, sasa anatakiwa aombe. Na Mama alivyokuwa, aliolewa katika nyumba ya watu, nchi ya watu, alijifunza kunyamaza. Nilidhani amesahau. Mvua zikaisha, kahawa zikaiva, tukachuma, tukaanza kuzianika uani, na kaseti bado iko chini ya nguo.

Mpaka siku moja ya mnada, jua kali, tunageuza kahawa, Mama akaacha reki ikaanguka. Akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kimefungwa. "Koku, vaa viatu."

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Nkwenda."

"Nilisema nitakwenda mimi, tukimaliza kahawa."

"Wewe maliza kahawa," Mama akasema. Hakupaza sauti, na Baba akainama kuiokota reki.

Tulipakiwa kwenye gari lililobeba ndizi. Banda la Salvatory lilikuwa nyuma ya mnada, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, ndani joto na jasho na moshi wa sigara, vijana wamejaa kwenye mabenchi wanatazama filamu ya ngumi. Salvatory akatoka. Akamtambua Mama, akakaza uso. "Karibu ndani ukae, Mama Koku. Habari za Kanoni?"

"Sikai," Mama akasema. "Nimekuja kuazima deki yako, kwa wimbo mmoja tu. Ndani ya kaseti hii huenda yuko mdogo wangu niliyepotezana naye utotoni." Akamnyooshea. Mimi nilitaka kujificha. Sijawahi kumwona mtu mzima akiomba hivyo, mlangoni, bila hata kuulizia watoto.

Salvatory aliigeuza kaseti mkononi. Alikuwa na kila haki ya kulipiza. Nilimwona ana neno mdomoni, nalijua ni neno gani, na nadhani Mama alilijua pia. Akalimeza. "Hii inaingia," akasema. Akaingia akazima filamu katikati ya ngumi.

Vijana walipiga kelele, mabenchi yakagongwa, mmoja akadai arudishiwe kiingilio. Salvatory akawaambia kuna mama anatafuta ndugu yake, asiyetaka kungoja mlango ule pale. Wimbo ukaanza. Wanawake wakaingia wamejifunga mishanana, yale mavazi ya kwao ya kufungwa begani, mikono juu, na wa mbele, jamani, alikuwa Mama. Mama mwembamba, Mama anayetabasamu, Mama ambaye hajawahi kugeuza kahawa. Mama yangu mimi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mikono ilikuwa inapita haraka mno. "Simamisha!" akasema. Salvatory akasimamisha, picha ikatetemeka, mistari ikapita palepale kwenye kiganja. Akarudisha nyuma, akaachia, akasimamisha tena. Vijana waliokuwa wanatukana wakaanza kusimama juu ya mabenchi, mmoja anasema mkono huo siyo, mwingine anasema subirini ageuke. Na alipogeuka, kuli mmoja wa mnada, gunia bado liko begani, akapiga ukelele: "Kimepinda! Mama, kimepinda kile!"

Banda zima likashangilia kama goli limeingia. Mama alikaa chini, sakafuni, kwenye maganda ya karanga, akasema jina la mdogo wake mara nyingi, kwa sauti ya mtoto ambayo sikuijua.

Deo alikuwa amerudi kwa ajili ya msimu wa kahawa. Safari yake iliyofuata ya Kampala, Mama alipanda lori lake, na kibali chake cha mpakani, na koti la kuazima kwa mke wa mwalimu mkuu. Baba alimsindikiza mpaka barabarani. Alitaka kusema kitu, lori likawaka.

Mama alirudi mchana mmoja kwa miguu kutoka kituoni, koti limekunjwa mkononi. Baba alikuwa uani katikati ya kahawa, anazigeuza, mimi naokota majani. Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni. Baba akauliza kutoka palepale alipokuwa: "Umemkuta?"

"Nimemkuta. Ana watoto. Alikubali kupigwa picha za wimbo ule akisema labda mmoja wetu ataona."

"Bwana asifiwe," Baba akasema.

"Mama naye alikuwa anakaa kwake."

Nikaruka. "Bibi! Bibi yuko hai?"

Mama aliniwekea mkono kichwani. Alikuwa anamtazama Baba.

"Alikuwepo mvua zote," akasema. "Speciosa anasema kila jioni Mama alikuwa anamwuliza kama kuna mtu ameuona ule wimbo. Amefariki tulipoanza kuanika kahawa."

Baba alisimama na reki yake. Kahawa zilizokuwa miguuni pake ndizo zilezile tulizoanza kuanika, na zilikuwa bado hazijakauka.